Kula Mbele ya Mkwe

Kila Jumapili katika kigango cha Ngulyati, ilipofika saa ya komunyo, benchi zima liliinuka na Maximiliana akabaki amekaa. Akina mama wenye watoto wachanga waligundua zamani kwamba pale kuna mapaja yasiyokwenda popote, wakaanza kumwachia watoto wao. Leo wawili, kesho wanne. Pasaka ya mwaka juzi walifika saba, mmoja akamlilia sikioni tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Maximiliana hakuwahi kusema amechoka, wala hakuwahi kumrudisha mtoto kwa mama asiye wake.

Sababu ya kukaa kwake ilijulikana. Alibatizwa akiwa mchanga, akakomunika akiwa na miaka kumi, na alipofika ishirini, mwaka wa njaa, akaolewa na Maganga kwa ng'ombe kumi na wanne, bila padre, na aliyeolewa hivyo haruhusiwi kukomunika. Maganga hakuwa Mkristo, na hakuwa na ugomvi na Wakristo. Alimwomba Mungu kwa jina alilolikuta kwa baba yake, Liwelelo, aliyeenea kote. Mapadre walipopita kumwomba aje ndoa ibarikiwe, aliwakaribisha, akawapa maziwa ya mgando, akawajibu vilevile kila mara.

"Mimi nimeshaoa. Ng'ombe kumi na wanne walitembea kwa miguu yao, watu wakaona. Nani tena anataka kuniozesha mke wangu?"

Hivyo ikawa miaka arobaini na mmoja. Maximiliana hakulalamika. Mara moja tu, wakichambua pamba na jirani yake Jenipha, alisema, "Nimesahau ladha yake. Nakumbuka ilikuwa haina ladha, lakini hata hiyo nimeisahau."

Jenipha akatupa mbegu kwenye kikapu. "Na siku ukianza kukomunika, watoto wetu tutamwachia nani?"

"Mtajua wenyewe."

"Basi ngoja kwanza, huyu wangu aanze kutembea."

Wakacheka, kwa sababu huyo wa Jenipha alikuwa na miezi miwili.

Masika iliyopita Maximiliana aliugua, akalazwa Bariadi mjini wiki tatu. Binti yake Rhoda alikaa naye hospitali, mjukuu akachukuliwa na Jenipha, na Maganga akabaki nyumbani na ng'ombe wake. Siku ya pili akasikia majembe shambani. Wanawake wa jumuiya walikuwa wanapalilia mahindi yake. Wengine wakajaza maji kwenye mapipa. Na Generoza, ambaye miaka mitano alikuwa hasalimiani na Maganga kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye viazi vyake, akaja na ugali umefunikwa na mlenda pembeni.

Maganga akamtazama. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Sasa mbona umekuja?"

"Kwa ajili ya Yesu, mzee. Kwa ajili yako nisingekuja."

Akaja kila siku kwa wiki tatu, na kila siku sura yake ilikuwa imenuna vilevile. Hilo ndilo lililomshinda Maganga. Mtu anayekupenda akikuletea chakula, ni kawaida. Mtu anayekuchukia akikuletea chakula cha moto, hapo kuna jambo. Akafikiri siku nne, siku ya tano akachukua kigoda chake cha miguu mitatu, akakibeba begani hadi kwenye mafundisho ya katekista Onesmo, akakaa katikati ya vijana wanaojiandaa kubatizwa.

Maximiliana aliporudi alimkuta anakamua maziwa huku akimsomea ng'ombe Baba Yetu. Akaenda kuwasha moto. Alijua kwamba ndama anayekuja mwenyewe haitwi.

Padre Januarius, paroko wao, akapanga kila kitu kifanyike Krismasi, katika misa moja: Maganga atabatizwa, wawili hao watafunga ndoa, halafu watakomunika pamoja. Maximiliana aliambiwa hivyo akajibu, "Sawa, padre." Kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia, mahali walipokuwapo kuku tu.

Zikabaki wiki tatu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Onesmo alikuwa kijana mwema kutoka upande wa Bukoba. Alipenda mifano. Aliamini kwamba hakuna fumbo la imani lisilo na mfano wake, na kama halina, atalitafutia. Jumatano moja somo lilikuwa Neno kufanyika mtu, na Onesmo, kwa kutaka kuwafurahisha Wasukuma, alikuwa amekaa nalo usiku kucha.

"Mungu alikuwa mbali," akasema, "sisi tulikuwa huku. Sasa akafanya nini? Akaja kwetu, kwa binti wa kwetu, Maria. Ni kama ukoo mmoja unapooa kwenye ukoo mwingine. Waliokuwa wageni wanakuwa ndugu. Kwa hiyo tunaweza kusema Mungu amekuwa mkwe wetu."

Maganga akainua kichwa. "Mwalimu, umesema nani wetu?"

"Mkwe, mzee."

"Mkwe kabisa?"

"Mkwe kabisa," akasema Onesmo kwa furaha, akidhani ameeleweka.

Maganga akavua kofia yake taratibu, akainuka, akachukua kigoda chake, akatoka nje kinyumenyume.

Katika vijiji vile mkwe si mtu wa kuchezewa. Humtazami machoni. Ukimwona anakuja, unampisha njia, na kama njia ni nyembamba, unaingia shambani. Zaidi ya yote, huli mbele yake, wala yeye hali mbele yako. Maganga mwenyewe aliheshimika Ngulyati nzima kwa mambo hayo. Zamani, wakati mama mkwe wake bado hai, alimwona anakuja kwenye njia ya mnadani, akaingia na baiskeli yake katikati ya mpunga, akachuchumaa majini. Mama yule akakutana na rafiki yake palepale, wakaanza kuzungumza. Wakazungumza habari za mvua, za harusi, za mtu aliyefia Migato, hadi jua likageuka. Maganga hakutoka, akarudi nyumbani amevimba miguu. Watu wakamsifu sana. Maximiliana alikuja kuambiwa na mama yake, miaka mingi baadaye, kwamba aliona mpini wa baiskeli tangu mwanzo. "Nilitaka kujua nimemwozesha binti yangu kwa mtu wa namna gani," alisema.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa kwamba Mungu ni mkwe wake.

Kesho yake mchana Maximiliana aliweka ugali mezani, akainua macho ukutani, akaona kalenda ya parokia, yenye picha kubwa ya Yesu, imegeuzwa. Inatazama ukuta.

"Baba Rhoda, kalenda imefanya nini?"

"Nakula," akasema Maganga.

Alipomaliza kula akanawa, akafuta mdomo, akaigeuza kalenda polepole huku ameangalia pembeni. Jioni akaigeuza tena. Na alipokwenda mafundisho hakupita njia ya mbele ya kanisa. Alizunguka kwenye mabua ya pamba, akatokea nyuma, akaweka kigoda chake nje chini ya dirisha, mgongo ukiwa upande wa altare, akawa anajibu maswali kutoka huko.

"Mzee Maganga, ingia ndani," akaita Onesmo.

"Nasikia vizuri, mwalimu. Endelea."

Vijana wakacheka. Onesmo hakuelewa kosa ni lipi, kwa sababu mzee alijibu kila swali sawasawa.

Jumatano iliyofuata ikaja ikapita. Alhamisi jirani wa Maganga, Bundala, mzee mwenzake ambaye hakuwa na habari ya kubatizwa, alipita kuangalia dume lililoumia mguu. Maganga akamweleza. Bundala akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo siku hiyo watakupa chakula," akasema Bundala.

"Ndiyo."

"Nyumbani kwake."

"Ndiyo."

"Mbele yake, na watu wote wanaangalia."

"Mbaya zaidi," akasema Maganga, "wanasema chakula chenyewe ndiye yeye."

Bundala akampapasa dume mguu. "Mimi," akasema mwishowe, "naona hili dume litapona."

Jumapili hiyo baada ya misa Maganga alimngoja Onesmo nyuma ya kanisa, mke wake akiwa karibu. "Mwalimu, nimefikiri. Kubatizwa nitabatizwa. Ndoa nitafunga. Kula, sili."

"Huli nini?"

"Chakula cha mkwe."

Onesmo akawaza hadi akakumbuka mfano wake, na rangi ikamtoka usoni. "Mzee, ule ulikuwa mfano tu."

"Mfano wa kweli au wa uongo?"

"Wa kweli. Lakini, yaani, si kwa kila upande."

"Mkwe hana upande."

"Basi tuseme ni rafiki. Mungu ni rafiki yetu."

"Mwalimu," akasema Maganga kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "huwezi kumfanya mtu mkwe Jumatano, halafu Jumapili ukamfanya rafiki. Hata wewe ungekasirika." Akafikiri kidogo. "Labda nipewe kwenye kitambaa, nikale nyuma ya ghala."

Onesmo akashika kichwa. Akamgeukia Maximiliana, akamweleza kwa sauti ya chini. Padre atakuja Jumamosi kabla ya Krismasi kuwauliza maswali waombaji wote. Anayesema hataki komunyo hatabatizwa, kwa kuwa hayo yanakwenda pamoja. Asipobatizwa, ndoa waliyopanga haitafungwa. "Na ndoa isipofungwa, mama," akasema, akashindwa kumalizia.

"Nitaendelea kukaa," akasema Maximiliana.

"Kosa ni langu, mama."

"Hapana, mwanangu. Ulitaka tuelewe."

Njiani kurudi nyumbani Maganga alitembea mbele. Alipofika kwenye mti wa kivuli akasimama akamngoja mkewe, kwa sababu tangu augue alikuwa hawezi mwendo mrefu.

"Umekasirika, mayu?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake.

"Hapana."

"Ningekuwa simheshimu ningekula tu. Ningekula kama mbuzi."

"Najua."

Na kweli alijua. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Mume wake angekuwa mzembe kidogo tu, angekomunika. Alikuwa amesubiri miaka arobaini na mmoja mtu huyu amheshimu Mungu wake, na sasa heshima yenyewe ndiyo imefunga mlango. Hakumsihi. Alijua kwamba mtu akila kwa kusihiwa na mkewe, amekula kwa ajili ya mkewe. Akaomba tu, kwa Kisukuma, maneno machache: Wewe uliyekuja mwenyewe, jieleze mwenyewe.

Ijumaa, siku moja kabla ya maswali, akaja Kristofa.

Huyu Kristofa alikuwa muuza samaki wa Lamadi, baba wa mtoto wa Rhoda. Mtoto anaitwa Ngassa, ana miaka miwili na nusu, na jina hilo ni la baba yake Maganga. Rhoda na mtoto walikuwa bado nyumbani kwa wazazi, wakisubiri ng'ombe wa mahari. Kristofa alisema ng'ombe wako njiani. Alisema hivyo kwa mwaka wa tatu sasa. Maganga alizoea kuuliza, "Ng'ombe gani hao? Wametoka Misri?" Lakini kila mwezi Kristofa hakukosa. Alikuja na pikipiki yake, akasimama mbali, nje ya ua wa minyaa, akageuza uso, akamwita Rhoda kwa sauti ndogo, akamkabidhi sato wakubwa waliofungwa kwenye majani mabichi. Na tangu Maximiliana augue, kila mara samaki mmoja aliwekwa pembeni, laini, asiye na miiba mingi. "Huyu ni wa mama, anaumwa," alisema.

Siku hiyo Rhoda akaingia na samaki na ujumbe. Kristofa anaomba amchukue Ngassa Lamadi wakati wa Krismasi, mama yake amwone.

Maganga alikuwa amekaa kivulini anakula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mjukuu kati ya magoti yake, mkono wa mtoto ndani ya bakuli la babu hadi kiwiko. Akapaza sauti ili isikike ng'ambo ya minyaa, ingawa alijifanya anamwambia Rhoda.

"Mwambie huyo anayejificha, anajificha nini? Mkwe ni ng'ombe. Asiyetoa ng'ombe si mkwe, ni mpita njia. Mtoto ni wa hapa. Simkatalii damu yake, pua hii si ya kwetu, sisi hatuna pua kama kasia. Lakini asiyetoa, mtoto anabaki kwa mama. Anakula hapa, analala hapa, akiumwa nampeleka mimi Bariadi. Huyu ni wetu. Au siyo, guku?"

"Guku," akasema Ngassa, kwa kuwa babu na mjukuu huitana hivyo, na akamtoa babu yake kipande cha mchembe mdomoni, akakila yeye.

Maganga akacheka hadi akakohoa. Nyuma ya minyaa, Kristofa akasema kwa heshima, "Sawa, baba," na uso wake ukiwa bado umeelekea Lamadi.

Maximiliana alikuwa anapepeta mchele. Mikono yake ikasimama. Akautazama mkono wa mtoto ulioloa, na mdomo wa mzee uliokuwa unatafuna kile alichobakiziwa. Akauweka ungo chini.

"Baba Rhoda."

"Naam."

"Nauliza tu. Mungu alitoa ng'ombe wangapi?"

Maganga akaacha kutafuna. "Wapi?"

"Kwa wazazi wa Maria."

"Sijasikia. Mwalimu hakutaja."

"Mimi nimesikiliza Injili toka utotoni. Sijasikia ng'ombe hata mmoja. Hata mbuzi."

"Alituma mshenga," akasema Maganga polepole. "Yule malaika."

"Alikuja na nini mkononi?"

Maganga akafikiri. "Mikono mitupu. Alikuja na maneno."

"Na hakuingia kwa wazazi. Aliongea na binti mwenyewe."

"Mshenga gani huyo," akasema Maganga, lakini bila kejeli, kama mtu aliyeanza kuhesabu hatua kuelekea mahali. Kisha akainua kidole. "Wapo wale wageni wa mashariki. Walileta dhahabu."

"Walileta mtoto akiwa ameshazaliwa. Na walimpa mtoto mwenyewe."

"Hiyo si mahari. Hiyo ni zawadi ya kuona mtoto."

"Ndivyo ninavyoona na mimi."

"Na Yosefu? Yeye ndiye aliyeposa."

"Kama Yosefu alitoa, mtoto ni wa ukoo wa Yosefu. Yosefu si mtu?"

"Ni mtu. Fundi seremala." Maganga akamshusha mtoto chini, akasimama. Bakuli likaanguka, kuku wakaja. "Kwa hiyo hata tukizunguka upande gani, Mungu hakutoa."

Maximiliana akaokota ungo wake. Akaendelea kupepeta. Alijua ndama yuko mlangoni, na ukipiga kelele anarudi.

"Kama hakutoa," akasema Maganga, "si mkwe."

Akaingia ndani. Akakaa humo muda mrefu, peke yake. Alipotoka alikuwa na kofia kichwani na fimbo mkononi, akaelekea kwa Onesmo bila kuaga. Maximiliana akachungulia sebuleni. Kalenda ilikuwa imetazama chumba, na mbele yake, juu ya meza, Maganga alikuwa amekula kipande cha samaki alichokaanga Rhoda. Miiba ilikuwa bado imelala kwenye sahani.

Kwa Onesmo alifika, akauliza swali moja tu: kama kuna kitabu chochote cha Kanisa kinachosema ng'ombe walitolewa. Onesmo akapekua vitabu vyake vyote vitatu hadi taa ikaanza kufifia. Akakiri hakuna. Maganga akamshukuru akaondoka, na Onesmo hakulala, kwa sababu hakujua amesaidia au ameua.

Jumamosi padre Januarius akaja. Alikuwa mtoto wa Lagangabilili, aliyekua nyuma ya ng'ombe wa baba yake kabla ya kwenda seminari. Aliwaita waombaji mmoja mmoja ndani ya kanisa. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua na haukufungika, kwa hiyo waliokaa nje walisikia kila kitu, na kila aliyekosea alitoka akakuta majibu sahihi yanamngoja.

Maganga akaitwa. Aliingia kwa mlango wa mbele. Maximiliana akakaa kwenye jiwe karibu na kizingiti, ncha ya kanga mkononi.

Mungu ni nani, akajibu. Nafsi ngapi, akajibu. Sakramenti, akazitaja zote saba, na moja akaitaja mara mbili kwa usalama.

"Vizuri," akasema padre. "Yesu ni Mwana wa Mungu. Kwa nini tunasema pia kwamba ni mtu kweli?"

"Kwa sababu hakuna ng'ombe waliotolewa."

Onesmo, aliyekaa pembeni na daftari, akaliinua daftari likamfunika uso.

"Rudia, mzee," akasema padre.

"Mungu hakutoa ng'ombe kwa Maria. Nimeuliza, vitabu vimetafutwa. Na asiyetoa, mtoto anabaki kwa mama. Padre unajua, wewe ni wa Lagangabilili. Mama ni binti wa kwetu, binti wa watu. Kwa hiyo mtoto ni wetu. Hakuna wa kuja kutudai."

Nje watu wakasogea karibu na mlango. Sauti ya padre ikatoka, na haikuwa na kicheko ndani yake.

"Kwa hiyo mzee unasema si wa Baba yake?"

Maximiliana akaikunja ncha ya kanga mara mbili, mara tatu.

"Hapana, padre. Damu hailipiwi. Wa Baba yake ni wa Baba yake, na aliyekuwa na ng'ombe mia hawezi kulifuta hilo. Mimi nasema habari ya wapi anakula, wapi analala, akiumwa nani anamshika kichwa, akifa nani anamzika. Hayo yote yalikuwa huku." Maganga akainama karibu na padre. "Na nimefikiri jambo lingine, jana, nikiwa peke yangu. Baba yake hakukosa ng'ombe. Ng'ombe wote ni wake, hata hawa wangu. Mwenye ng'ombe asipotoa, hakusahau. Alitaka mtoto abaki."

Padre akaweka kalamu chini. Kuku mmoja akaingia kanisani, akatembea hadi katikati, akatoka bila mtu kumfukuza.

"Mzee Maganga," akasema padre mwishowe, "maaskofu wa zamani walikaa vikao, wakagombana miaka mingi, kabla ya kukubaliana kusema hivi: Mungu kweli, na mtu kweli."

"Walikuwapo wafugaji kwenye vikao?"

"Sidhani."

"Ndiyo maana walichelewa."

Hapo padre akashindwa, akacheka, na waliokuwa nje wakacheka naye. Alipotulia akauliza, "Mwalimu wako ameniambia hutaki kula."

"Hiyo ilikuwa wakati ni mkwe. Kwa mjukuu? Padre, mimi na mjukuu tunanyang'anyana kilichomo mdomoni."

Kalamu ya padre ikasikika kwenye karatasi. Halafu akamwita Maximiliana aingie, akamuuliza, "Mama, nani alimfundisha mzee mambo haya?"

Maximiliana akamwona Onesmo, daftari limeshuka hadi puani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mwalimu Onesmo, padre. Yeye ndiye aliyeanza."

Na hilo, ukilitazama vizuri, halikuwa uongo.

Walipofika nyumbani walimkuta Kristofa nje ya minyaa. Alikuwa amerudi kumletea Rhoda mchele na mafuta ya sherehe, na aliposikia sauti ya Maganga akaruka nyuma ya pikipiki, uso mbali.

"Wewe," akaita Maganga. "Toka huko. Bado si mkwe."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo njoo ule na mimi leo, na Krismasi njoo ule, na mama yako umlete amwone mtoto hapahapa. Kula sana wakati huu. Ukishaleta ng'ombe tutaanza kukimbiana, na mimi siku hizi miguu inauma."

Kristofa akaja akakaa, ukingoni kabisa mwa mkeka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu Maganga akaiona ile pua kwa mbele. Maximiliana akamwekea kijana yule kichwa cha samaki, sehemu ya mgeni wa heshima. Aliona anasita, akamsogezea maji ya kunawa taratibu ili asione haya.

Siku ya Krismasi mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Maganga alibatizwa, maji yakamwingia sikioni, akatikisa kichwa kama dume. Jina alilochagua ni Yosefu. Ndoa ikafungwa. Padre alipomuuliza kama anamchukua huyu kuwa mke wake, alijibu ndiyo, akaongeza kwamba hata hao waliokaa kwenye benchi wanajua ni mke wake.

Kisha ikafika saa ya komunyo. Maximiliana akapiga magoti pale mbele, kando ya mume wake. Maneno ya kumwambia Mungu alikuwa ameyaandaa tangu zamani, akiyaongeza kidogo kila mwaka, akiyapunguza, na sasa hakukumbuka hata moja. Padre akampa Maganga kwanza. Maganga akafungua mdomo wazi kabisa, kama mtu anayepewa dawa, akaufunga, akatulia. Halafu padre akaja kwake. Akasema maneno yale. Maximiliana akajibu "Amina," na sauti ilimtoka kama ya msichana.

Wakarudi kwenye benchi. Kwaya ilikuwa bado haijaanza. Akainamisha kichwa, akangoja, na kile kitu kikawa kinayeyuka taratibu juu ya ulimi wake. Kweli hakikuwa na ladha.

Maganga akamwinamia. "Mayu."

"Nyamaza, baba Rhoda."

"Nauliza tu. Mbona kadogo hivi? Mungu mzima."

"Hata alipokuja, alikuja mdogo," akanong'ona.

Maganga akalitafakari hilo. Akalikubali. Alipotaka kusema neno lingine akaona mkewe analia, bila sauti, machozi yakidondokea mikononi. Koti alilovaa Maganga aliliazima kwa Onesmo, mikono ilimzidi urefu. Akauvuta mkono wa koti ukafunika vidole, na palepale, mbele ya kigango kizima, jambo ambalo hakuna mwanamume wa umri wake Ngulyati aliyewahi kulifanya, akamfuta mkewe shavu moja, kisha la pili.